Gofu la hoteli ya ufukweni, Ilemela, Mwanza: tujiandaeje?

Mpigapicha: Wakuu, Jumamosi tuko wanne, tunataka kupiga picha kwenye hoteli iliyotelekezwa kando ya ziwa. Tubebe nini?

Fundi zege: Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, gofu lina mwenyewe hata likiota magugu. Vaeni buti za soli ngumu, misumari ya kenchi imejaa chini. Kabla ya kupanda ghorofani, itazameni sakafu kwa chini. Zege likibanduka na nondo nyekundu zikachungulia, msipande: kutu huvimba na kupasua zege toka ndani. Kwingine piteni kandokando ya ukuta, mmoja mmoja. Gati la mbao sahauni.

Mama dagaa: Maji msiyaguse, hasa saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ndipo vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Aliyelowa akapime baada ya wiki 6 hadi 8. Praziquantel, dawa ya kichocho, ikimezwa mapema haiui minyoo michanga.

Mpigapicha: Kuna kinjia kwenye matete, kinashuka ziwani.

Mama dagaa: Kipana, matete yamelala pande zote? Cha kiboko hicho. Ondokeni kabla ya saa 11 jioni, hajatoka majini.