Jaja ameibiwa kitambulisho na kadi ya pesa za wazee, tuanzie wapi?

Mjukuu_Busia
Jamani habari zenu, niko Busia huku upande wa Uganda naombeni ushauri wa haraka. Jaja yangu, bibi mzaa mama, ameshapita miaka 80, yuko kwenye SAGE, ile shilingi 25,000 ya kila mwezi ya serikali kwa wazee, na mnajua haiji kila mwezi bali inatolewa ya miezi kadhaa kwa pamoja. Sasa siku ya soko ametoka kununua mukene akapanda taxi, kushuka anakuta mfuko umepasuliwa na wembe na kipochi hakipo, na humo ndimo kulikuwa na kitambulisho cha taifa na kadi ya malipo, zote mbili. Vile visenti vilivyokuwemo haviniumi, kinachoniuma ni kwamba malipo yanaweza kutangazwa wakati wowote na dawa za presha tunanunua na pesa hiyo. Usiku halali, anasema watamfuta wakidhani amekufa. Halafu kuna kijana amejileta nyumbani anasema anajuana na watu, tumpe elfu thelathini amalize mambo bila kupita polisi. Naomba kujua, huyo mwizi anaweza kuchukua pesa za jaja? Na sisi tuanzie wapi? Fotokopi ya kitambulisho tunayo.

MamaHadija_Bombo
Pole sana mwanangu, na umfikishie jaja pole zetu. Mwambie alale, pesa haikai ndani ya kadi. Watu wa benki wakija kulipa, mzee anaweka kidole kwenye mashine, na kidole cha jaja mwizi atakitoa wapi. Huyo kijana msimpe hata mia! Na hiyo fotokopi pia asiione, maana anayetaka mambo yapite bila polisi ndiye wa kuogopa.

Afande_Mstaafu
Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akuandikie barua kwamba anamjua mama huyo na ni mkazi wake, ndiyo uende nayo polisi, tena uende na jaja mwenyewe kama miguu inaruhusu. Kuripoti ni bure. Hakikisha wanaandika kwamba vitu VIMEIBWA, na kadi zote mbili zitajwe, maana nimeona watu wanaandikiwa kitambulisho peke yake halafu wanarudishwa tena kwa ajili ya ile nyingine. Barua ya polisi mtoe kopi nyingi, kila ofisi itataka yake.

Okello_wa_Tororo
Naongezea kwa Afande. Watu wengi wakishapata barua ya polisi wanakimbilia NIRA, ile ofisi ya vitambulisho, wanakaa kungoja kitambulisho kipya, na kinaweza kuchelewa sana, malipo yakija hakuna ofisi inayojua shida yao. Nyinyi siku hiyo hiyo nendeni kwa parish chief, mtendaji wa serikali wa eneo lenu, na kwa CDO, afisa wa maendeleo ya jamii pale sub-county, ndio wanaoshughulika na orodha ya wazee. Kwenye fotokopi angalia NIN, ile namba ya kitambulisho, herufi na tarakimu zake jumla ni 14, ya mwanamke inaanza na CF, na hiyo haibadiliki hata kadi ikipotea, kwa hiyo wanaweza kumtafuta nayo. Mwombe CDO awaarifu wanaolipa kabla siku haijafika. NIRA nako mwende, ada ilipiwe benki au kwa simu kwa ile namba ya malipo ya serikali, asiishike mtu mkononi.

Nakato_M
Nisikie kwa hili dada au kaka. Mkifika NIRA, mtu akiwaambia "turekebishe na tarehe ya kuzaliwa hapo hapo", kataeni, ombeni kadi mbadala tu. Kubadilisha tarehe ni kesi nyingine na ina makaratasi yake, na programu hii inaangalia umri ulio kwenye kitambulisho. Mama yangu waliandika umri mdogo kuliko umri wake wa kweli, wakati rika lake wanapokea yeye bado anangoja afike 80 ya kwenye kadi, na kanisani kila mtu anajua amebatizwa lini. Inauma sana kwa kweli. Kuna mashirika yalipeleka serikali mahakamani 2022 kwa mambo haya haya ya wazee kuachwa nje kwa sababu ya kitambulisho.

Mjukuu_Busia
Asanteni sana, nimemsomea MamaHadija neno kwa neno, ametulia kidogo. Kijana tumemwambia asirudi. Swali moja, vidole vyake vimechakaa kwa kulima, malipo yaliyopita mashine ilimsumbua sana, na sasa kadi hana. Ikimkataa?

Okello_wa_Tororo
Mwambie CDO hilo mapema, usingoje foleni. Mzee anaruhusiwa kuandikisha mtu wa kumpokelea, na huyo naye anasajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mjukuu_Busia
Mjomba ndiye mkubwa lakini anakunywa.

MamaHadija_Bombo
Basi asiwe mjomba. Aandikwe anayelala nyumba moja na jaja na kumpa dawa, na jaja alitaje jina mwenyewe mbele ya CDO na mwenyekiti asikie, ili mjomba akija na maneno ajibiwe na wao. Kama ni wewe, beba kitambulisho chako kesho.

Mjukuu_Busia
Ni dada yangu mdogo. Mwenyekiti amesema tuje asubuhi kabla hajaenda shamba, nitarudi kuwaambia wa CDO wamesemaje.