Mwenye mzio atishwe na saratani ya damu?

Mtoa mada: Wadau, habari kwamba mzio wa chavua unaleta saratani ya damu inazidi kusambazwa, na watu wanaopiga chafya kila msimu wa maua wameingiwa na hofu. Msimamo wangu ni kwamba hakuna sababu ya kuwatisha wala kuwapeleka kupima damu kila mwaka.

Habari yenyewe ina chanzo. Utafiti wa VITAL, wa jimbo la Washington, Marekani, uliandikisha watu wa miaka 50 hadi 76 kati ya mwaka 2000 na 2002. Kati ya watu 66,212 waliofuatiliwa kwa miaka 8 hivi, 681 walipata saratani za damu. Waliosema wana mzio wa vitu vya hewani walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 19, na wenye mzio wa mimea, nyasi na miti asilimia 26. Matokeo yalitoka 2013. Sasa pigeni hesabu: katika rika hilo, kwa miaka yote hiyo, waliougua ni kama 10 kwa kila 1,000. Asilimia 19 ya hao ni watu wawili. Ndio hao wawili wanaokunyima usingizi?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, usiwadharau hao wawili. Mzio ni kazi ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Zikichokozwa zinagawanyika, na kila zinapogawanyika kuna nafasi ya vinasaba kukosewa. Jambo hili limeshaonekana kwingine. Bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, akikaa muda mrefu anaweza kuzaa limfoma ya tumbo, yaani saratani inayoanzia kwenye seli za kinga na inayohesabiwa kati ya saratani za damu, na wagonjwa wengi uvimbe wao hunywea kwa kumuua bakteria tu. Isitoshe, katika VITAL hatari ilionekana kwa wanawake, kwa wanaume haikuonekana. Mimi ni mwanamke mwenye mzio tangu utotoni. Nina haki ya kuambiwa.

Mtoa mada: Haki unayo, dada, ila uambiwe yote. Watafiti wa limfoma wa muungano wa InterLymph walipojumlisha tafiti zao, wenye mzio walionekana kupata limfoma zisizo za Hodgkin (limfoma zote isipokuwa aina moja iitwayo Hodgkin) kwa uchache kuliko wengine. Kinyume kabisa cha VITAL! Ingawa nako kuna walakini: nyingi ya tafiti hizo huwauliza watu wakiwa tayari wagonjwa, na saratani inaweza kubadilisha kinga ya mwili muda mrefu kabla haijagunduliwa. Mtu mwenye lukemia sugu ya limfosaiti, aina mojawapo ya saratani ya damu, anaweza kuumwa na mbu akavimba kupita kiasi. Hapo ugonjwa umetangulia, na sisi tunauona kama mzio.

Mchangiaji wa pili: Hapo kwenye "tunauona kama mzio" ndipo ningependa tukae. Dada yangu aliwashwa mwili mzima, ngozi haina kipele hata kimoja. Akapewa vidonge vya mzio, vikabadilishwa, vikabadilishwa tena. Usiku analowesha shuka kwa jasho. Tezi iliota juu ya mfupa wa bega, ngumu, haiumi, na kwa kuwa haiumi hakuna aliyeishughulikia. Ilipokatwa kipande na kupimwa, ni limfoma ya Hodgkin. Anaendelea vizuri sasa, lakini ile miezi iliyopotea inaniuma mpaka leo. Ninyi mnabishana kama mzio unaleta saratani, wakati kuna watu wanatibiwa mzio ambao hawana.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu yangu. Kwa hiyo tunakubaliana mgonjwa aelezwe?

Mtoa mada: Aelezwe dalili: homa isiyoeleweka, jasho la usiku, kukonda bila sababu, tezi isiyorudi baada ya wiki kadhaa, kuwashwa kusikosikia dawa. Hizo zichunguzwe haraka, awe na mzio au asiwe nao. Kupima damu kila mwaka kwa sababu ya chafya, hapo bado nakataa. Anayeona vingine alete hoja.