Uzito sahihi wa mtu mzima na wa mtoto miaka 4, naombeni msaada

mama_dogo_Buhongwa
Habari zenu wapendwa. Juzi nimeshuka stendi Nyegezi nikamkuta kijana wa mizani, nikapima mimi na mwanangu. Mimi miaka 34, kilo 82, urefu sm 160. Dogo miaka 4, kilo 14 na nusu, sm 100. Kufika home nikaingiza kwenye ap ya simu, mimi ikanipa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 32, dogo ikampa 14.5 eti amekonda kupita kiasi, yani usiku sikulala. Na mama mkwe akija toka Ukerewe kila siku ni mimi nimependeza ila mjukuu wake simlishi, wakati mtoto anakula ugali na dagaa vizuri tu na kutwa anakimbia. Sasa mwenye shida ni nani hapa?

nesi_kandoziwa
Pole mdogo wangu, tulia kwanza. Hiyo ap imempima mtoto kwa kipimo cha watu wazima. BMI ni kilo ugawanye kwa urefu wa mita mara wenyewe, kwa mtu mzima 18.5 mpaka 24.9 ndo sawa, 25 uzito umezidi, 30 kwenda juu ni kiribatumbo, yani unene uliopitiliza. Mtoto haendi na namba hizo kabisa, yeye anasomwa kwa umri na jinsia kwenye mchoro wa ukuaji, na miaka 4 kuwa na BMI ya 14 au 15 ni kawaida. Kilo 14 na nusu haiko nje ya mstari. Toa kadi yake ya kliniki uangalie nukta za nyuma, kama mstari unapanda hata taratibu shukuru Mungu, ila ukilala miezi miwili mitatu au ukishuka hapo usisubiri. Pia wampime mzunguko wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi wa kliniki, chini ya miaka 5 ikifika sm 12.5 na kuendelea ni kijani, yani yuko sawa, chini ya 11.5 ni hatari.

mbeba_gunia_Kirumba
Dada mimi BMI yangu 27 na tumbo sina, ni misuli ya kubeba magunia ya dagaa pale mwaloni. Kwa hiyo chukua na tepu ya fundi cherehani upime kiuno, mwanamke ikipita sm 80 hatari ya presha na sukari inaanza kupanda, wanaume 94.

bibi_Igoma
Nyie mkumbuke na kuvimba. Nilimlea mjukuu mashavu yamejaa tukasema kanenepa, kumbe miguu yote miwili imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, ile ni utapiamlo na mizani inaonyesha kilo nzuri tu. Kagueni miguu ya watoto.

mama_dogo_Buhongwa
Asanteni sana jamani. Miguu nimebonyeza haina shimo. Kiuno changu ni 96 😔

nesi_kandoziwa
Usilie. Kwa urefu wako uzito mzuri ni kilo 47 mpaka 64 hivi ila usikimbilie huko, ukitoa kilo 4 mpaka 8 tu tayari presha inaona tofauti. Anza na soda na chai ya sukari nyingi, punguza tonge la ugali uongeze mboga, sato mchemshe badala ya kukaanga. Na upime presha na sukari wiki hii hii.

mama_dogo_Buhongwa
Jumatatu naenda na dogo na kadi yake, na mama mkwe nampitia twende wote asikie mwenyewe.