Mitutu ya Ukoo: Chelsea, watu wa Darajani, wameachana na kocha

Alhamisi, 1 Januari 2026

Zuhura 16:38: Heri ya mwaka mpya ukoo mzima. Chelsea wameachana na kocha wao Maresca. Ni taarifa ya klabu yenyewe, si uvumi. Sasa tuje kwenye letu sisi wa Arsenal: Jumatano tarehe 14 tunakutana nao kwao, nusu fainali ya Kombe la Carabao, mechi ya kwanza. Saa 5 usiku kwa saa zetu. Nataka majina ya wanaokuja kwa Ba'mkubwa kabla ya Jumapili.

Neema 16:40: Kalenda haijabandikwa ukutani, kocha ameshabanduka 😂😂😂

Juma 16:41: 😂😂😂

Zuhura 16:43: Neema, majina. Juma, majina.

Idrisa 16:55: Mimi nipo. Ila hili la Maresca msilichukulie juujuu. Mtu alikuja Juni 2024 kutoka Leicester kwa mkataba wa hadi 2029. Msimu wa kwanza akamaliza nafasi ya nne, akachukua Conference League kwa kuwafunga Betis 4-1, Julai akachukua Kombe la Dunia la Klabu kwa kuwapiga PSG 3-0. Miezi 18 tu, ameondoka. Hapo tatizo si mfumo wa 4-2-3-1 wala nini. Tatizo ni nani mwenye kauli ndani ya klabu.

Juma 16:58: Tatizo alishinda mechi moja tu ya ligi kati ya saba za mwisho. Juzi na Bournemouth 2-2 nyumbani, alipomtoa nyota wao Palmer uwanja ukamzomea.

Idrisa 17:04: Hiyo ni dalili, Juma. Rudi nyuma. Agosti, beki wao Colwill aliumia goti, msimu wake ukaharibika kabla haujaanza. Maresca akasema hadharani anahitaji beki wa kati na kwamba klabu inajua anachotaka. Beki hakuja. Desemba, baada ya kuwafunga Everton, akasema saa 48 zilizopita zilikuwa mbaya kuliko zote tangu afike kwa sababu watu wengi hawakumuunga mkono. Kocha aliyeshinda akiongea hivyo, jua huko ndani pameshaharibika.

Faraji (shemeji) 17:20: Nimeona mnaijadili Chelsea yangu.

Neema 17:20: Shemeji yupo!! Pole na msiba 😂

Faraji (shemeji) 17:24: Hakuna msiba. Aliongea na watu wa Manchester City akiwa na mkataba wetu, ndivyo vyombo vya habari vya Uingereza vinavyoripoti. Na madaktari wanampa idadi ya dakika za mchezaji anayetoka kwenye majeraha, yeye anataka azidishe. Klabu ina haki ya kulinda wachezaji wake.

Idrisa 17:31: Shemeji, umegusa penyewe. Kwa nini mmiliki ahangaike na dakika za mchezaji? Chukua kiungo wenu Enzo Fernández. Januari 2023, pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu. Kwenye vitabu bei hugawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo kila mwaka inakatwa kama milioni 12.6. Ungekuwa mkataba wa miaka mitano ingekuwa milioni 21.4. Hapo ndipo walipopata nafasi ya kununua wengi kwa mpigo bila kuvuka kikomo cha hasara kinachowekwa na ligi. Lakini leo, miaka mitatu baadaye, bado kuna takriban milioni 69 hazijakatwa. Ukimuuza chini ya hapo, tofauti yote inaingia kama hasara mwaka huohuo. Sasa zidisha kwa kikosi kizima chenye mikataba ya namna hiyo. Mchezaji akikaa benchi, bei yake inashuka sokoni, deni la vitabuni liko palepale. Ndiyo maana nani acheze si suala la kocha peke yake.

Neema 17:33: Kaka Idrisa umetuletea hesabu siku ya pilau

Zuhura 17:35: Hesabu ninayotaka mimi ni ya vichwa. Mpaka sasa ni mimi, Idrisa na Ba'mkubwa mwenyewe. Watu 31 humu!

Juma 17:41: Idrisa, njia hiyo si imefungwa?

Idrisa 17:46: Imefungwa nusu. UEFA waliweka kikomo cha miaka mitano ya kugawanya gharama kuanzia majira ya joto ya 2023, na Ligi Kuu ya Uingereza ikapitisha hivyohivyo Desemba mwaka huo. Mkataba wa miaka minane unaruhusiwa, ila bei unaigawa kwa mitano tu. Ya zamani haikuguswa. Wakatafuta njia nyingine: hoteli mbili za pale uwanjani wakaziuza kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5. UEFA hawahesabu mauzo ya aina hiyo kuwa mapato, na Julai 2025 wakawatoza faini ya euro milioni 31. Kocha hana mkono hapo hata kidogo, lakini anaambiwa beki hakuna.

Faraji (shemeji) 17:52: Na ninyi mnaye mmiliki wenu Kroenke, msisahau.

Juma 17:53: Kroenke hampangii kocha wetu Arteta kikosi.

Zuhura 17:58: Juma, wewe ndiye wa kuongea? Agosti 2021 tulipofungwa na Brentford, Chelsea na City mfululizo nani aliandika Arteta aondoke kesho yake asubuhi, halafu akatoka kwenye kundi?

Juma 17:59: Dada hayo yalishaisha.

Zuhura 18:00: Hayakuisha. Uliondoka na orodha ya michango.

Neema 18:00: 🍿

*Juma amefuta ujumbe huu*

Juma 18:09: Orodha nilimkabidhi Salma. Muulizeni.

Zuhura 18:10: @Salma

Zuhura 20:47: @Salma

Ijumaa, 2 Januari 2026

Ba'mkubwa Seif 06:12: Salaam kwenu nyote. Nimesoma yote usiku.

Msishangilie. Chelsea haijawahi kufa kwa kumwondoa kocha. Septemba 2007 aliondoka Mourinho, akaingia Grant, Mei wakacheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya kule Moscow, wakakosa kwa penalti. Februari 2009 wakamwondoa Scolari, Hiddink akaja akachukua Kombe la FA. Machi 2012 wakamwondoa Villas-Boas, Di Matteo akachukua FA na Ulaya yote. Novemba mwaka huohuo wakamfukuza Di Matteo mwenyewe, Benítez akachukua Europa. Januari 2021 akatoka Lampard, akaingia Tuchel, Mei wakachukua tena Ulaya. Mwenye kuwadharau tarehe 14 atalia.

La pili. Aprili 2021 mmiliki wetu na mmiliki wao waliingia pamoja kwenye ile Super League, ligi ya vigogo wa Ulaya peke yao, bila kumuuliza shabiki wala kocha. Wao waliandamana uwanjani kwao Darajani, sisi tukaandamana kwetu Emirates. Kwa hiyo mmiliki kuingilia si ugonjwa wa jirani peke yake.

La tatu. Faraji atakuja kwangu na atakaa kiti cha karibu nami. Rimoti itakuwa mkononi mwangu. Ya Baku, ile fainali ya Europa ya 2019 walipotufunga, sitaki kuyasikia.

Zuhura 06:15: Shikamoo Ba'mkubwa. Tumekusikia.

Idrisa 06:40: Shikamoo Ba'mkubwa. Tumekusikia.

Neema 07:02: Shikamoo babu 🙏🏾

Faraji (shemeji) 07:15: Shikamoo mzee. Ahsante.

Idrisa 09:20: Kwa heshima zote Ba'mkubwa, naongeza kitu. Grant, Hiddink na Di Matteo walikuta chumba chenye Terry, Lampard, Cech na Drogba. Wale hata kocha akiondoka walijua ukuta usimame wapi na nani amkemee nani. Mmiliki wa zamani Abramovich alifukuza makocha lakini wazee aliwaacha. Hawa waliochukua klabu Mei 2022 walifanya kinyume: Tuchel akaondoka Septemba, na katika madirisha machache karibu kikosi chote cha ubingwa wa 2021 kikauzwa au kikaachiwa. Wakaleta vijana wengi wa chini ya miaka 25. Potter akapewa mkataba wa miaka mitano, akaondoka Aprili 2023. Pochettino mwaka mmoja, na aliondoka akiwa ameshinda mechi tano za mwisho za ligi. Ukimwondoa kocha kwa vijana hawa, unawaondolea mtu pekee aliyekuwa anawaelekeza.

Ba'mkubwa Seif 09:31: Hoja yako ina uzito. Ila vijana hao ndio waliowafunga PSG tatu.

Faraji (shemeji) 09:44: 🔵

Juma 10:15: Kama shemeji anakaa kiti cha mbele mimi naangalizia kwangu. Siku ya Baku ndiye aliyezima.

Faraji (shemeji) 10:16: Umeme ulikatika!

Juma 10:16: Taa ilikuwa inawaka.

Zuhura 10:18: Ba'mkubwa amesema HATAKI KUSIKIA YA BAKU. Juma, unakuja au huji?

Neema 10:22: Golini si atakuwa Kepa? Maana Carabao zote anadaka yeye. Sasa Arteta akitaka kumtoa atakubali kutoka? 😂😂

Idrisa 10:30: Unacheka, lakini hilo ndilo somo zima. Februari 2019, fainali ya Carabao hiyohiyo, Sarri, kocha wa Chelsea wakati huo, ananyoosha mkono Kepa, kipa wao, atoke Caballero aingie, Kepa anakataa mbele ya uwanja mzima. Klabu ikamkata mshahara wa wiki. Mchezaji anamkatalia kocha pale anapojua kocha ni mpita njia. Kepa huyohuyo kwetu ametulia, juzi ameokoa penalti na Palace ndiyo tumefika hapa. Kwetu Arteta alianza kama kocha mkuu, Septemba 2020 akapandishwa kuwa meneja, na alipewa kauli kwenye usajili. Tulimaliza nafasi ya nane mara mbili na hakuguswa. Mchezaji akijua huyu atakuwepo mwaka kesho, anatii.

Zuhura 10:33: Idrisa naomba uandike na vichwa vingapi unaleta.

Idrisa 10:34: Viwili.

Jumatatu, 5 Januari 2026

Ba'mkubwa Seif 05:50: Mmeona jana Etihad, kwa City.

Faraji (shemeji) 06:01: 1-1 mzee! Na kocha wa vijana wa chini ya miaka 21, McFarlane, siku tatu tu kazini! Enzo dakika za nyongeza!

Neema 06:20: Milioni 69 za kaka Idrisa zimefunga goli 😂

Idrisa 06:48: Kocha wa muda hana muda wa kubadili mfumo. Anafanya matatu: anarudisha kila mtu kwenye nafasi aliyoizoea, anashusha mstari wa ulinzi, anawaambia wakimbie. Mechi moja mbili inafanya kazi. Ngumu inaanza wapinzani wakishaangalia video.

Zuhura 07:00: Jumapili imepita. Majina niliyonayo ni saba. Ba'mkubwa viti vyake ni kumi na viwili. Nani analeta viti? Nani analipia king'amuzi?

Jumanne, 6 Januari 2026

Faraji (shemeji) 15:12: Rosenior ametangazwa kocha mpya. Mkataba hadi 2032.

Juma 15:20: Kutoka Strasbourg ya Ufaransa 🤣 wamehamisha kikombe kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto

Idrisa 15:41: Strasbourg ni mali ya kampuni ileile inayomiliki Chelsea tangu Juni 2023. Mwoneeni huruma shabiki wa kule: timu iko kwenye Conference League, katikati ya msimu kocha anachukuliwa na mmiliki wake mwenyewe. Nahodha wao Emegha naye ameshatangazwa kwenda Chelsea msimu ujao. Mashabiki wa kule walianza kupinga mapema sana na walikuwa na haki. UEFA inakataza mmiliki mmoja kuwa na timu mbili kwenye shindano moja, haikatazi moja kuwa ghala la nyingine.

Ba'mkubwa Seif 15:55: Kocha aliyezoea mabosi walewale hatashangaa akinyimwa beki. Atanyamaza zaidi ya Maresca, na hilo ndilo walilotaka. Kwa mechi moja ya tarehe 14 ni hatari. Kwa miaka sita, sioni.

Faraji (shemeji) 16:30: Mzee nimekuelewa.

Zuhura 16:34: Kwa hiyo tarehe 14 saa 5 usiku. Watoto wa shule hawaji, ni katikati ya wiki. Na goli la ugenini halihesabiwi mara mbili, msije mkaanza kugombana. Marudiano ni tarehe 3 Februari Emirates, hiyo tutaipanga mbele. Juma, jibu.

Juma 16:50: Naangalia ratiba ya kazi.

Zuhura 16:51: Viti?

Neema 16:58: Mimi naleta viwili vya plastiki

Salma 22:19: Jamani simu ilikuwa na maji. Nimesoma mpaka kwa Kepa. Mimi nipo, ila orodha ya michango sikupewa na mtu, na kadi ya king'amuzi ilibaki kwa Juma tangu Baku