Ripoti ya eksirei ya mama: "mapafu yamejaa hewa", kovu, moyo mkubwa

BintiMlezi: Habari zenu wapendwa. Mama ana miaka 76, pumu anayo tangu nikiwa mdogo. Wiki iliyopita kifua kilimbana usiku kucha, akapigwa eksirei. Ripoti inasema mapafu yamejaa hewa kupita kiasi, kiwambo (ule msuli ulio chini ya mapafu) kimekuwa bapa, kuna kovu dogo lenye chokaa juu kulia, na moyo umetanuka kidogo. Daktari akasema "si mbaya", akaita mgonjwa mwingine. Kila jioni mama ananiuliza, "Mwanangu, hilo kovu ni kansa?" Sina jibu. Nimeiinua picha dirishani, naona mbavu tu.

MpigaEksirei: Pole dada, na mama mpe pole. Hizo mbavu ndizo tunazohesabu. Mbavu za mbele zikionekana zaidi ya 6 juu ya kiwambo, tunajua hewa imenaswa: kwa mwenye pumu inaingia, kutoka ndiyo shida, maana njia zimebana. Kiwambo chenye umbo la kuba kinasukumwa chini mpaka kinalala. Lakini wenye pumu wengi picha zao ni za kawaida kabisa. Pumu hupimwa kwa kupuliza kwenye mashine. Eksirei hutafuta mengine, kama nimonia, TB au pafu lililopasuka.

Kovu lenye chokaa mara nyingi ni alama ya ugonjwa uliokwisha pona, TB ya zamani kwa mfano. Mna picha ya zamani? Hiyo ina thamani kuliko maelezo yangu yote. Na je, alipigwa amesimama?

BintiMlezi: Hakuweza kusimama, alipigwa ameketi kitandani. Picha ya 2014 nimeikuta chini ya godoro lake! Kidoa kipo palepale, ukubwa uleule.

MpigaEksirei: Kheri hiyo. Mpelekee daktari zote mbili azilinganishe mwenyewe. Picha ya kitandani hupigwa kutokea mbele, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Akipata nafuu, omba arudiwe amesimama.

MtotoWaMzee: Dada, moyo usiupuuze hata hivyo. Baba yangu tulimwongezea dawa ya kuvuta miezi mizima, kumbe moyo ulikuwa umechoka. Alianza na mto mmoja, akafika mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Bonyeza mguu wa mama juu ya kifundo, uachie. Kikibaki kishimo, sema kwa daktari, uulizie kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Na akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa hewa, msingoje asubuhi.

BintiMlezi: Nimebonyeza miguu yote miwili. Wa kushoto hauna kitu, wa kulia umebaki kishimo kidogo. Na mto wa pili aliniomba juzi, nikadhani ni shingo. Kesho asubuhi tunaenda, picha zote mbili ziko mkobani. La kovu nimeshamweleza, amelala mapema leo.