Msituuzie wali wa nyanya mkauita ceebu jën

Wakuu, nina hasira na nazimwaga hapa hapa.

Kuna mgahawa mdogo hapa New York, jina nalihifadhi, umebandika mlangoni tangazo kwamba unapika chakula cha Senegal cha nyumbani kabisa. Nikampeleka shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, maana nilikuwa nimemsifia ceebu jën, wali wa samaki wa Kisenegali, mpaka akawa ananiuliza yeye mwenyewe tutaenda lini. Tukaagiza hiyo pamoja na yassa ya kuku, yaani kuku wa vitunguu na ndimu. Dola 24 sahani moja. Bei sikuilalamikia, chakula chenye kazi lazima kiwe na bei.

Kilichokuja mezani ni basmati iliyotiwa rangi ya nyanya ya kopo, kipande cha tilapia kilichokaangwa kivyake, na karoti na kabichi zilizochemshwa kwenye maji matupu. Nikamvunja yule samaki. Ndani mweupe pee! Hakuna rof hata chembe. Kwa wasioijua, rof ni kitunguu saumu, majani ya parsley, pilipili na chumvi vilivyotwangwa pamoja, na samaki hutobolewa akashindiliwa hiyo kitu kabla hajaona mafuta. Ukimfungua unakuta mishipa ya kijani ndani ya nyama. Huyu wetu hakuguswa. Shangazi akaonja mara moja, akaweka kijiko chini: "Mwanangu, huyu samaki na huu wali hawajuani. Kila mmoja kapikiwa kwake."

Mtu hajawahi kufika Dakar, kaona kosa kwa kijiko kimoja.

Maana ceebu jën ni chungu kimoja, basi. Samaki, na aliye bora kwao ni thiof, aina ya chewa, anakaangwa, anatolewa. Mafuta yale yale yanakaanga kitunguu na nyanya ya kopo mpaka ukali wake uishe na rangi iive. Yanakuja maji, muhogo, kabichi, karoti, biringanya, nyanya chungu, na ndani yake guedj, yaani samaki mkavu aliyechacha, na yeet, konokono wa baharini aliyechachushwa. Samaki anarudishwa akae na wenzake. Mboga hutolewa moja moja kadiri inavyoiva. Mwisho mchele, uliokwisha kupitishwa kwenye mvuke, unazamishwa kwenye mchuzi ule ule uliobeba kila kitu, unafunikwa, unakauka taratibu mpaka chini ushike ukoko. Huo ukoko wanauita xooñ, na hukwanguliwa ukapewa watu na ndimu pembeni. Sasa ukipika kila kitu mbali mbali halafu ukavikutanisha kwenye sahani, umepika nini?

Nikamwita mwenye mgahawa, kwa adabu kabisa. Nikamuuliza guedj iko wapi. Akanijibu hata hapepesi macho kwamba wateja wa hapa hawataki harufu wala miiba. Xooñ je? Wali unapikwa kwenye sufuria ya umeme, haushiki. Na kwa nini basmati? Akasema mchele wa chenga unaonekana chakula cha maskini.

Hapo ndipo nilipochemka. Najua kwetu pia chenga zina bei ya chini na mgeni hapikiwi. Lakini Senegal chenga ndiyo sahani yenyewe. Wafaransa walipowasukuma wakulima kwenye karanga za kuuza nje, waliwaletea mchele uliovunjika kutoka makoloni yao ya Indochina, yaani Vietnam na majirani zake. Wanawake wa Saint-Louis, mji wa pwani wa Senegal, na jina la Penda Mbaye ndilo linalotajwa mpaka leo, wakaichukua chenga hiyo wakaitengenezea chakula ambacho mwaka 2021 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Punje iliyovunjika inakunywa mchuzi na mafuta kwa namna ambayo basmati haiwezi. Unaionea aibu halafu unauza jina lake kwa dola 24?

Na hiyo hoja ya harufu siikubali. Mtu wa Pwani anajua ng'onda inavyonuka sokoni, na anajua mchuzi unavyopooza ukiikosa. Kama mteja hataki, mpe yassa au mafé, mchuzi wa karanga, zipo. Ingawa yassa yenyewe ilikuwa aibu: vitunguu vibichi vimemwagiwa siki. Vitunguu vya yassa vinalala kwenye ndimu na haradali, halafu vinapikwa polepole mpaka vilainike kabisa na vianze kuwa vitamu.

Kinachoniuma zaidi ni Wabongo wenzangu wanaokula mahali kama hapa halafu wanatangaza kwamba chakula cha Wasenegal ni pilau isiyo na viungo. Hamjakila! Nendeni Harlem, mtaa wa 116, eneo la Wasenegali liitwalo Le Petit Sénégal, mfike mchana, maana ceebu jën ni chakula cha mchana. Tafuteni mahali ambapo madereva wa teksi wa Kisenegali wenyewe wanapanga foleni. Ulizeni kwanza kama kuna xooñ. Wakishangaa swali, tokeni.

Mwenye mgahawa alitaka kutufuta machozi na bissap (juisi ya rosela) ya bure, nayo ilikuwa ya unga. Nimelipa, nimeondoka. Ninachokidai ni kimoja: tangazo lile la mlangoni liandikwe "wali wa nyanya na samaki wa kukaanga", mtu aingie akijua anachonunua.

Shangazi anaondoka mwisho wa mwezi. Kama kuna anayemfahamu mama wa Kisenegali huku Bronx au Harlem anayepika kwa oda, kwenye chungu kimoja, na guedj ndani, naomba aje inbox. Nalipa kabla.