Self Control ni ya Raf! Acheni kumwita mwigaji kwenye wimbo wake mwenyewe

Wakuu, nina hasira tangu Jumapili na leo nazitoa hapa.

Nilikuwa nasikiliza kipindi cha zilipendwa kwenye redio moja, sitaitaja. Mtangazaji akapiga Self Control ya Laura Branigan. Sawa, kibao kitamu. Msikilizaji mmoja akapiga simu, akaomba kwa adabu awekewe ile ya Raf. Akajibiwa kwamba hiyo ni kopi, kwamba kuna Mwitaliano alimuiga Laura, na kipindi chao kinapiga orijino tu. Simu ikakatwa. Yaani mtu anayejua anafundishwa uongo hewani na asiyejua!

Raf, jina lake kamili Raffaele Riefoli, ndiye aliyeuimba kwanza. Aliutunga na Giancarlo Bigazzi na Steve Piccolo, ukatoka Italia mwaka 1984. Laura akaurudia mwaka huohuo, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu matoleo yote mawili yalipanda chati kwa wakati mmoja. Ujerumani Magharibi yalibanana kileleni: Laura namba 1, Raf namba 2. Italia na Uswisi Raf alifika namba 1. Marekani ndiko Laura alikotamba, akafika namba 4, na kwa kuwa redio nyingi duniani zinafuata Marekani, basi Mwitaliano akafutwa. Mtu ameongoza chati nchi mbili kwa wimbo aliotunga mwenyewe, leo anaitwa mwigaji!

Halafu kuna hawa wanaojifanya wajuzi, eti Laura ndiye aliyeutia maneno ya Kiingereza. Hapana! Raf aliuimba kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Huyo Piccolo ni Mmarekani, alipiga gitaa la besi na bendi ya Lounge Lizards kule New York. Mnachanganya na Gloria. Ile ndiyo ilikuwa ya Kiitaliano, ya Umberto Tozzi, 1979. Laura aliitoa kwa maneno mapya ya Kiingereza mwaka 1982, ikafika namba 2 Marekani na kukaa kwenye chati yao wiki 36. Hapo nakubali kabisa, kisa kilibadilishwa. Tozzi anamwimbia Gloria kwa hamu ya mapenzi, Laura anamwonya Gloria anayejimaliza mwenyewe. Hiyo ni kazi, wapewe haki yao.

Lakini nani alitunga Gloria pamoja na Tozzi? Bigazzi, yuleyule! Na Ti amo ya Tozzi ya 1977, ambayo Laura aliiimba kwenye albamu yake ya 1984? Bigazzi tena. Mzee wa Florence, amefariki 2012, nyimbo zote hizi tatu alizoimba Laura zina mkono wake, na sijawahi kusikia jina lake likitajwa hata mara moja kwenye kipindi chochote cha zilipendwa. Hili linaniuma kuliko hata hilo la Raf.

Sina ugomvi na marehemu Laura. Alifariki 2004, Mungu amrehemu, ile sauti haikuwa ya kawaida. Na ile video yenye mtu wa kinyago cheupe, iliyoongozwa na William Friedkin, naielewa kwa nini haiwatoki watu kichwani. Pigeni ya Laura kila wiki mkitaka, nitaisikiliza. Ninachodai ni jina la mwenye wimbo litajwe.

Na msiniambie Raf alikuwa wa wimbo mmoja. Mwaka 1987 alisimama na Tozzi kwenye Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, wakashika nafasi ya 3, na mwaka huohuo wimbo uliobeba ushindi wa Sanremo, tamasha la mashindano ya nyimbo la Italia, ulioimbwa na Morandi, Ruggeri na Tozzi, yeye ni mmoja wa watunzi wake.

Mtangazaji, kama unapita humu: Jumapili ijayo mpigie simu yule msikilizaji, muombe radhi hewani, kisha mwekee ya Raf mwanzo mpaka mwisho.